Bonde, Hori na Kisiwa cha Misali: Amana ya Watu wa Chake Chake

Mji wa Chake Chake umekaa juu ya kilima, na upande wake wa magharibi hori la bahari linaingia kati ya mikoko mpaka karibu na mji. Hapo kale vyombo vilipanda hori hilo wakati wa maji kujaa, vikileta wageni na bidhaa. Leo tope limezidi, na meli hutia nanga Mkoani. Mgeni akitazama pande zote huona kijani tupu, wala si ajabu Waarabu walikiita kisiwa hiki Al-Jazira Al-Khadhraa.

Ndugu msomaji, Pemba ni nchi ya vilima na mabonde. Vilimani imo mikarafuu, na mabondeni umo mpunga pamoja na vijito viendavyo baharini. Miti ya kilimani ikikatwa, mvua ya masika huuteremsha udongo mtoni, na mto huutupa horini. Mikoko nayo ikikatwa, maji ya chumvi hupata njia ya kupanda bondeni, na mpunga hufa. Basi boriti aliyoipata mmoja leo huwa ndiyo mchele walioukosa jirani zake kesho.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Mtume wetu (S.A.W.) aliifanya Madina kuwa mahali patakatifu pasipokatwa miti, na akakataza watu kujisaidia penye maji, njiani na kivulini. Wanazuoni wakaeleza kuwa kisima na mto vina harimu yake, yaani eneo la pembezoni lisiloguswa ili maji yasiharibiwe. Na Sura ya Ar-Rum imetaja uharibifu wa bara na wa bahari pamoja, ikatujulisha kuwa asili yake ni matendo ya wanadamu.

Atakaye kuona mafunzo haya yakitendwa, na ashuke horini apande mashua, aelekee magharibi, aipite rasi ya Mkumbuu yenye magofu ya msikiti wa kale, mpaka Misali. Wazee husimulia kuwa Nabii Khidhri alifika hapo akaomba mswala, ukakosekana, naye akasema kisiwa chenyewe kitakuwa mswala wake. Wavuvi wa vijiji vingi hupiga dago huko. Lakini walikuwapo waliovua kwa baruti, ambayo huua samaki wakubwa na wachanga, na kuyavunja matumbawe ambayo ni nyumba yao.

Mwaka 1998 Misali na bahari yake vilitangazwa kuwa hifadhi. Wavuvi hawakufukuzwa: sehemu moja tu iliachwa samaki wazaane, na jumuiya ya wenyeji ikashiriki katika ulinzi. Kisha wakaja watu wa elimu, miongoni mwao Bwana Fazlun Khalid wa Birmingham, Uingereza, wakakaa na wavuvi na waalimu wakiyasoma mambo haya kwa Qur'ani. Amri ya serikali mtu huweza kuikwepa usiku. Lakini aliyefahamu kwamba samaki ni amana ya Mola wake hana usiku wa kujifichia. Mwaka 2005 hifadhi ikapanuliwa, ikaingia sehemu kubwa ya bahari ya magharibi ya Pemba.

Yaliyowezekana kisiwani yatashindikanaje bondeni? Vijana wa mtaa mmoja wakijitolea, mwaka mzima una kazi yake. Wakati wa masika na wapande miti kwenye miteremko na kando ya mto. Kusi likivuma na mvua zikipungua, wazoe taka vijitoni. Mbegu za mkoko zikikomaa, wazichomeke topeni, kwani mbegu hiyo huanza kuota ingali mtini. Vuli wajaze mapengo. Na kiangazi wamwagilie miche, wakichunga moto.

Nasi waalimu wa vyuo tuwafundishe watoto harimu ya mto pamoja na namna ya kutia udhu, kwani maji ni yale yale. Mtume (S.A.W.) ametuagiza kwamba mwenye mche mkononi aupande hata kama Kiyama kimesimama. Sisi ambao bado tuna masika mengine ya kutarajia, inshallah, tuna udhuru gani?

Wabillahi taufiq.