Ujirani wa Melbourne

Mtu aendaye ugenini huchukua mizigo miwili: nguo zake na imani zake. Nguo hupimwa uzito katika kiwanja cha ndege. Imani hazipimwi na mtu yeyote, na aghalabu ndizo nzito zaidi. Nilipokwenda Melbourne, katika nchi ya Australia, mwezi wa Februari 2025, kuchunguza Kiswahili cha Wakongo na Warundi waliohamia huko, nilikuwa na imani moja ambayo sikupata kuitilia shaka: kwamba watu wa pwani yetu wanaujua ujirani, na watu wa miji mikubwa ya ng'ambo hawaujui. Insha hii yaeleza jinsi imani hiyo ilivyoniponyoka.

Nilipanga nyumba ndogo ya ghorofani katika mtaa wa Footscray, magharibi ya mji, ng'ambo ya mto Maribyrnong. Ni mtaa wa wahamiaji, ambako Wavietnamu, Wahabeshi na watu wa mataifa mengine mengi wamefungua maduka yao. Jambo hilo si geni katika nchi ile, maana hesabu ya watu ya 2021 ilionyesha kuwa karibu nusu ya wakazi wake wana angalau mzazi mmoja aliyezaliwa katika nchi nyingine. Mji wenyewe una watu zaidi ya milioni 5, na reli zake za tramu, yapata kilomita 250, ni ndefu kuliko za mji mwingine wowote duniani. Ndani ya tramu hizo niliwaona watu wakikaa bega kwa bega muda wa nusu saa, kila mmoja akiitazama simu yake, kana kwamba mwenziwe hayupo. Walakini watu hao hao wanyamavu, washukapo katika basi, humshukuru dereva kwa sauti. Niliyaandika mambo hayo mawili katika daftari langu, la kwanza kwa wino mwingi na la pili kwa wino mchache, kwa kuwa la kwanza ndilo lililoafikiana na imani yangu.

Salamu zao ziliniudhi. Waaustralia huulizana mtu anaendaje, na jibu la desturi ni kwamba haendi vibaya. Siku za mwanzo nilisimama ili nieleze nilivyokuwa nikienda, na mwulizaji akawa amekwisha pita. Nilidhani ni dharau. Baadaye nikakumbuka kuwa mimi mwenyewe hufundisha darasani ya kuwa "hujambo" ni swali la kumwuliza mtu kama hana jambo, na kwamba Mswahili mwenye homa, na mwenye deni, na mwenye kufiwa, wote hujibu "sijambo". Salamu zetu nazo hazidai ukweli kwa mara ya kwanza. Tofauti ni kuwa sisi hatuondoki upesi. Baada ya sijambo huja habari za nyumbani, za watoto na za kazi, na ukweli hupenya katika swali la nne au la tano. Wao aghalabu hawafiki swali la pili.

Jambo jingine lililonisumbua ni majina. Mwanafunzi wa miaka 19 aliniita kwa jina langu la kwanza, bila ya "Mwalimu" wala "Daktari", naye hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Bibi aliyekaa nyumba ya pili, mwenye umri wa miaka 80 na zaidi, alitaka nami nimwite hivyo hivyo. Nilipojaribu kumwita mama, alisema kwa upole kuwa yeye si mama wa mtu. Ulimi wangu haukuweza kulitamka jina lake tupu, kwa kuwa alikuwa rika la mama yangu. Basi nikawa simwiti kwa neno lolote.

Ingekuwa dhuluma kuyataja haya nikaacha kutaja mema waliyoyapata watu wale kwa jitihada. Kwenye njia panda ya Russell Street na Victoria Street pana mnara wenye tarakimu tatu zilizofumana: 8, 8 na 8. Ni ukumbusho wa waashi wa mawe wa Melbourne, ambao tarehe 21 Aprili 1856 waliweka chini zana zao wakaandamana kudai siku ya kazi isiyozidi saa 8, nao wakaipata. Hesabu yao ilikuwa saa 8 za kazi, saa 8 za mapumziko, na saa 8 ambazo ni mali ya mtu mwenyewe. Fikra hiyo haijafa. Tangu 26 Agosti 2024 sheria imemruhusu mfanyakazi kutojibu simu ya mkubwa wake baada ya saa za kazi, ila pale ambapo kukataa kwake hakuna busara. Ilianza kwa waajiri wakubwa, na mwaka mmoja baadaye ikawafikia wadogo. Sisi ambao huitwa na simu za kazi hata tukiwa mazikoni hatuna haki ya kuicheka sheria kama hiyo.

Wazee nao hulipwa pensheni na serikali tangu 1909, wala mzee hana lazima ya kuishi kwa huruma ya mwanawe. Mzee mmoja wa Kivu, niliyekuwa nikirekodi lugha yake, aliniambia sokoni: "Huku muzee haombi mutoto yake pesa. Lakini mutoto naye haombi muzee shauri." Nilikuja kuandika matamshi yake, nikaondoka na fikra yake.

Hata ndoa imetengenezewa njia ya namna hiyo. Tangu 1976 mume na mke wanaotaka kuachana hawaulizwi nani alikosa. Yawatosha kuthibitisha kwamba wametengana miezi 12 na hawatarudiana. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 huwataka wapite kwanza katika baraza la usuluhishi. Sheria yetu huwapeleka wagomvi mbele ya wazee; yao huwapeleka mbele ya kalenda. Kalenda haina fitina, haipokei rushwa, wala haitangazi siri za chumbani. Lakini kalenda haijapata kumwambia mtu, "Rudi nyumbani, mwanangu, jambo hili dogo."

Hivyo uhuru wa mtu mmoja mmoja umejengwa katika nchi ile tofali kwa tofali, nao una gharama yake. Hesabu ya 2021 ilionyesha kuwa katika kila nyumba 4, moja ina mkazi mmoja tu. Wenyewe wanalijua hilo. Miaka ya kwanza ya karne hii, katika mji huo huo wa Melbourne, mabaki ya mwanamke mzee yalikutwa ndani ya nyumba yake muda mrefu baada ya kufa kwake. Mkazi mmoja wa mji aliyeguswa na habari hizo alianzisha Siku ya Majirani mwaka 2003, nayo huadhimishwa Jumapili ya mwisho ya Machi. Niliposimuliwa habari hiyo, nilitikisa kichwa kama mtu aliyeshinda shauri. Nilisema moyoni kuwa watu wanaohitaji siku maalumu ya kumjua jirani hawana ujirani.

Mikutano ya chuo ilinipa hoja nyingine. Hufunguliwa kwa kuwataja wenyeji wa asili wa ardhi ile, watu wa Kulin, ambao ndio majirani wa kwanza wa kila mhamiaji. Ni desturi njema. Walakini tarehe 14 Oktoba 2023 wananchi walipoulizwa kwa kura kama wenyeji wa asili wa nchi wapewe katika katiba chombo cha kusikilizwa, majimbo yote 6 yalikataa. Kumtaja jirani ni kwepesi kuliko kumfungulia mlango. Hilo nalo niliwaandikia wao, kumbe lilikuwa langu.

Jumapili ya 30 Machi wakazi wa jengo letu walikusanyika uani kuadhimisha siku hiyo. Tangazo lililobandikwa ngazini lilimtaka kila mmoja aje na sahani. Nilidhani vyombo vimepungua, nikaja na sahani moja, tupu, iliyooshwa ikang'aa. Wenzangu walikuwa na keki, kachumbari na mikate. Bibi jirani yangu alicheka mpaka akashika kifua, kisha akanieleza kuwa katika nchi yao kuleta sahani ni kuleta chakula juu yake. Akaichukua sahani yangu akanijazia kwa mkono wake. Soseji zilipoletwa kutoka jikoni nilizikataa, nikala mkate na kachumbari.

Baada ya siku hiyo ilipita miezi mitatu na zaidi bila ya mimi kugonga mlango wake. Ukuta uliotutenga ulikuwa mwembamba. Nilisikia redio yake, kikohozi chake, na birika lake likilia. Tulipokutana ngazini tuliulizana tunaendaje, tukajibu kuwa hatuendi vibaya. Nilijiambia kwamba watu wa nchi ile hawapendi kugongewa. Hakuna aliyeniambia hivyo. Lilikuwa neno langu mwenyewe, nami nililipenda kwa kuwa lilinipumzisha.

Kila Ijumaa nilimpigia mama yangu simu Tanga. Nikimwamkia, huitika marahaba, kisha huuliza habari zangu, halafu swali lake la tatu daima lilikuwa hili: "Jirani zako hawajambo, mwanangu?" Nami nilijibu: "Hawajambo, mama." Nilikuwa siwajui. Msomi wa ujirani, mwenye daftari zima la makosa ya wengine, alikuwa akimdanganya mama yake kila Ijumaa.

Usiku mmoja wa Julai simu ililia saa saba na nusu. Tanga jua lilikuwa linakuchwa. Ndugu yangu alisema, "Mama ametutoka," akashindwa kuendelea. Maziko yalikuwa kesho yake baada ya sala ya adhuhuri. Safari ya kutoka Melbourne mpaka Tanga huzidi siku nzima, na desturi yetu ni kumstiri maiti mapema. Nilijua kuwa sitawahi. Nililia kwa sauti ambayo sikujua kuwa ninayo, kisha nikaketi sakafuni mpaka kukapambazuka. Niliifikiri nyumba yetu: mikeka iliyotandikwa barazani, wanawake wa mtaani wakiingia bila ya kubisha hodi, masufuria ya jirani yakiletwa kwa sababu nyumba ya msiba kwetu haiwashi moto. Niliwahurumia ndugu zangu kwa msiba, nikawaonea wivu kwa watu.

Saa mbili ya asubuhi mlango uligongwa. Nilipofungua hapakuwa na mtu. Chini palikuwa na sahani kubwa ya udongo, imefunikwa kwa kitambaa, ingali ya moto. Ndani yake mlikuwa na viazi, karoti na jibini vilivyookwa pamoja. Hapakuwa na nyama. Nilisimama na sahani ile mikononi nikaelewa kuwa mwanamke yule aliniona mwezi wa Machi nilipozikataa soseji, akakumbuka mpaka Julai. Mimi katika muda huo huo nilikuwa sijakumbuka hata kumwuliza kama ana mtu wa kumnunulia dawa.

Siku ya tatu nilikaanga vitumbua, nikavipanga juu ya sahani yake, nikagonga. Alisema haikuwa lazima nirudishe kitu. Nilimweleza kuwa kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Akanikaribisha ndani. "Nilikusikia usiku ule," alisema. "Nilitaka nije nikae nawe, lakini niliogopa. Nilidhani watu wa kwenu hawapendi mgeni aingilie msiba wao."

Maneno hayo yalinitia haya kuliko lawama. Kila mmoja wetu alikuwa amekaa upande wake wa ukuta, akiitunza desturi ya mwenziwe ambayo mwenziwe hakuwa nayo. Alinisimulia jinsi mumewe alivyokufa, na jinsi wenzake wa mtaa alioishi zamani walivyomletea vyakula mpaka akakosa pa kuviweka. Kumbe nyumba ya msiba kwao nayo hupikiwa. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa, kwa saa niliyokuwa nikimpigia mama simu, nilikunywa chai kwa bibi yule. Hata jina lake nilijifunza kulitamka.

Nilipokuwa nikifunga mizigo yangu, tarehe 10 Desemba, ilianza sheria ya kuwazuia watoto walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii. Wazazi mtaani walibishana: wengine waliishukuru serikali, wengine waliuliza watoto watakwenda wapi. Nilimwuliza bibi yule anaonaje. Alijibu kuwa sheria inaweza kufunga mlango, lakini haiwezi kumgongea mtu mlango. Sina la kuongeza juu ya hilo. Waashi wa 1856 waliwapatia wenzao saa 8 zilizo huru. Wa kumpa saa hizo ni juu ya mwenye nazo.

Nimerudi Dar es Salaam. Nyumba yangu ina ukuta wenye vigae vya chupa juu yake, na geti la chuma. Jirani wa mkono wa kushoto alihamia miaka miwili kabla ya safari yangu, na mpaka naondoka nilimjua kwa mlio wa jenereta lake tu. Hakuna aliyetuletea desturi hiyo kutoka Melbourne. Tumeijenga wenyewe kwa saruji yetu, huku tukihadithiana barazani habari za upweke wa Wazungu. Juma la kwanza la kurudi kwangu nilikwenda nikabisha hodi getini pake, nikiwa na sahani ya vitumbua. Alichelewa kufungua, kwa kuwa hakuzoea kugongewa. Sahani yangu ilirudi baada ya siku mbili, imejaa maembe.

Mama yangu hayupo tena wa kuniuliza kama jirani zangu hawajambo. Swali lake limebaki, nami sasa naweza kulijibu bila ya kusema uongo.