Kumbe Bro Hakuamua Kuwa Mkali

Nikubali tu: nilichukua somo la misingi ya kibiolojia ya tabia kwa sababu darasa lake lilianza saa tano asubuhi. Msinicheke. Mwaka wa kwanza kampasi, usingizi ndio unapanga ratiba.

Wiki ya tatu, lecha akatusimulia kisa cha Phineas Gage, msimamizi wa vibarua wa reli kule Vermont, Marekani. Septemba 1848 baruti ililipuka, na chuma chenye urefu wa zaidi ya mita moja kikamwingia chini ya shavu la kushoto, kikatokea utosini. Hakufa. Tena aliongea. Lakini waliomjua walisema huyu si Gage tena: mtu makini aligeuka mkali, mdomo umejaa matusi. Chuma kiliharibu sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotusaidia kupanga mambo na kujizuia.

Wenzangu walikuwa wanashangaa chuma. Mimi nilikuwa namfikiria bro.

Bro alianguka na bodaboda miaka miwili iliyopita, bila helmeti. Kidonda kikapona, tukamshukuru Mungu. Halafu akaanza kuwaka ovyo, kumtukana hadi mama, kumaliza pesa ya rent kwa siku moja. Shangazi akasema amerogwa. Majirani wakasema ni bangi. Mimi nikamwambia usoni kwamba yeye ni mtu mbaya tu, na tukaacha kuongea.

Sisemi ubongo ni kisingizio cha kila kitu. Matusi bado yanauma, na si kila mtu mkali ameumia kichwa. Mimi pia si daktari. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kumrudisha hospitali, maana kwetu ngozi ikishapona, mtu amepona.

Wengi wakisimulia kisa cha Gage huishia pale penye chuma. Kumbe baadaye alienda Chile, akaendesha magari ya farasi ya abiria kwa miaka kadhaa. Hiyo si kazi ya mtu aliyeharibika kabisa.

Jumapili nikampigia bro. Hakushika. Nikapiga tena. Nikamwambia nilimkosea, na kwamba kliniki tutaenda pamoja. Akanitukana kwanza. Kisha akauliza, "Saa ngapi?"

Na kwenu je, ni nani mlimwita mbaya kabla ya kuuliza kilichompata?