Gari Dogo, Barabara ya Wote

Wanafunzi wangu wapendwa, wengi wenu mnanijua kama mwalimu anayefika shuleni kwa miguu, mkoba wa madaftari kwapani na matope ya Kabale viatuni. Leo naungama jambo. Tangu ujana wangu nimetamani gari dogo la spoti: viti viwili, paa la kitambaa linalokunjwa, gia za mkono. Si gari la kubebea mahindi wala la kupeleka ukoo harusini. Ni gari linalonunuliwa kwa sababu moja tu, raha ya kuliendesha.

Mwaka jana akiba yangu ya miaka 12 ilitimia. Nilipomweleza mke wangu nia yangu, alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Baba watoto, nyumbani tuko wanne. Gari lina viti viwili.” Sikuwa na jibu. Akaendelea, “Pesa umezichuma kwa jasho lako, nunua. Lakini kumbuka kwamba barabara hukuinunua.” Niliyachukulia maneno hayo kama ruhusa, nikasahau kwamba yalikuwa pia onyo.

Magari mawili yalinivutia, yote yaliyotengenezwa Japani na yaliyokwisha kusajiliwa hapa Uganda. Hilo lilikuwa la lazima, kwa kuwa tangu mwaka 2018 sheria yetu inakataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. La kwanza lilikuwa Mazda MX-5 ya kizazi cha pili, ambalo Wajapani huliita Roadster. La pili lilikuwa Toyota MR-S, ambalo katika nchi nyingine huitwa MR2.

Kwa mtu wa mbali yanafanana kama mapacha. Yote yana uzito wa takriban tani moja, na yote husukumwa na magurudumu ya nyuma. Tofauti imo pale injini ilipowekwa. Mazda ina injini mbele, na uzito wake umegawanyika karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma. Waliobuni MX-5 ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989, waliyatazama magari mepesi ya Uingereza kama Lotus Elan ya mwaka 1962, wakajiwekea lengo kwamba dereva na gari wawe kitu kimoja, mithili ya mpandaji na farasi wake. Toyota nayo iliiweka injini nyuma ya viti, kabla ya magurudumu ya nyuma. Gari la namna hiyo hugeuka kwa wepesi wa ajabu. Lakini dereva akiingia kwenye kona kwa kasi, kisha akaondoa mguu ghafla kwenye kanyagio la mafuta, uzito huhamia mbele, magurudumu ya nyuma hupungukiwa na mshiko, na mkia hutaka kutangulia kichwa.

Fundi wangu alinishauri nichukue Toyota. Injini yake ya lita 1.8 ni ndugu wa ile iliyofungwa katika Premio nyingi zinazopita hapa mjini, kwa hiyo vipuri si shida. Tena ilikuwa na nguvu za farasi zipatazo 140, ilhali ile Mazda ya lita 1.6 ilikuwa na kama 125. Ushauri wake ulikuwa wa busara, nami nikaenda kuijaribu kwanza, mwenye gari ameketi kando yangu.

Tulishika njia ya Kabale kwenda Kisoro. Wanaoijua wanajua jinsi inavyojipinda milimani, na jinsi Muhabura inavyochomoza kwa mbali siku ya anga safi. Kona ya kwanza ilinifurahisha, ya pili ikanilevya. Nilipita kibao cha 50 nikiwa katika 80, nikakiona, wala sikujali. Kwenye kona ya tatu niliwakuta watoto watano ukingoni mwa lami, wamebeba madumu ya maji. Nilishtuka, nikaondoa mguu. Mkia wa gari ukateleza. Sijui mikono yangu ilifanya nini, ila gari lilisimama likiwa limekaa mshazari, hatua chache kutoka kwa watoto hao. Dumu moja lilikuwa limeanguka, maji yakitiririka lamini. Msichana mmoja akanitazama usoni, akasema kwa sauti ndogo, “Shikamoo, mwalimu.”

Alikuwa mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza. Salamu ile nilikuwa nimemfundisha mimi mwenyewe.

Gari halikuwa na kosa lolote. Lilitii sheria za maumbile. Mimi ndiye niliyevunja sheria za nchi. Jioni ile nilipiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga mapema. Katika kasi ya kilomita 50 kwa saa, sekunde moja ya kushtuka hula takriban mita 14. Kasi ikiongezeka maradufu, nishati ya kishindo huwa mara nne.

Nilikaa wiki tatu bila kutaka gari lolote. Kisha nikaijaribu Mazda, safari hii nikiwa nimeazimia kutovuka kasi ya kibao. Hapo nikagundua jambo lililonishangaza: raha haikupungua. Usukani ulinieleza kila kokoto, gia ziliingia kwa msogeo mfupi wa kiganja, na kona niliyoipita kwa kilomita 45 ilinipa furaha kamili. Toyota nayo ingenipa furaha kwa mwendo huo, lakini nilikwisha kujijua. Dereva mwenye tamaa kama yangu anahitaji gari linalomwonya mapema na kumsamehe. Nikainunua Mazda, nikikubali kwamba vipuri vyake nitavisubiri kutoka Kampala.

Katika lugha yetu, kitenzi “kuendesha” kinatokana na “kwenda”: kuendesha ni kufanya kitu kiende. Siku ile ya kona ya tatu sikuwa nikiendesha, nilikuwa nikiendeshwa. Raia hupimwa hapo, katika saa ambayo hakuna askari wala kamera, naye ana uwezo wa kwenda kasi kuliko anavyoruhusiwa.

Wanangu sasa hupanda kwa zamu, mmoja mmoja, mikanda imefungwa. Jumamosi nikipita kwenye kona ile hulikunja paa na kwenda polepole. Watoto huwa wapo na madumu yao. Wakiniamkia huwasikia vizuri, nami hupata nafasi ya kuwajibu: marahaba.