Kiazi cha Kigezi: Kutoka Mlimani Hadi Mezani

Barabara itokayo Kampala kuelekea kusini-magharibi hupita Masaka na Mbarara, na kwa mwendo mrefu msafiri huona migomba, nyasi na ng'ombe wenye pembe ndefu. Akiisha kuipita Ntungamo, nchi huanza kuinuka. Hewa hugeuka baridi, ukungu hulala mabondeni asubuhi, na vilima husimama vimebanana, vimekatwa matuta kutoka chini hadi karibu na vilele. Hiyo ndiyo Kigezi, ambayo leo imegawanywa katika wilaya za Kabale, Rubanda, Rukiga, Kisoro, Rukungiri na Kanungu. Mji wa Kabale uko zaidi ya kilomita 400 kutoka Kampala, na umeinuka kiasi cha meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Katika baridi hiyo ndimo kiazi ulaya kilimopata makao, kama kilivyoyapata pia katika miteremko ya Mlima Elgon.

Kiazi hiki si mwenyeji wa Ulaya wala wa Afrika. Watu wa milima ya Andes, katika nchi ziitwazo leo Peru na Bolivia, walikilima maelfu ya miaka kabla ya Wahispania kufika huko katika karne ya 16. Kwetu kililetwa na Wazungu, na jina lake linatuambia hivyo. Wakiga hukiita emondi, Wanyarwanda husema ibirayi, na majirani zetu wa Kenya hukijua kwa jina la waru. Majina ni mengi, bali sufuria ni moja.

Mtu akionapo gunia la viazi sokoni hafikiri jasho lililomo ndani yake. Mlima wa Kigezi una mteremko mkali, na mvua moja kubwa yaweza kuuteremsha udongo wote bondeni. Kwa hiyo mkulima hukata matuta na kuyalinda. Kazi hiyo ilitiliwa mkazo sana katika miaka ya 1940, nayo yaendelea mpaka leo, kwa maana watu ni wengi na mashamba yamegawanywa vipande vidogo kwa urithi. Huko Kisoro, chini ya mlima Muhavura wenye urefu wa meta 4,127, udongo ni wa volkano, mweusi na wenye rutuba. Hata hivyo umejaa mawe, na wakulima huyaokota na kuyapanga kuwa kuta kando ya mashamba.

Kiazi hupandwa katika misimu miwili ya mvua, nacho hukomaa kwa miezi mitatu au minne. Katika muda huo mkulima huuogopa ugonjwa wa baka chelewa, ambao huyageuza majani kuwa meusi na waweza kulimaliza shamba kwa siku chache. Ndio ugonjwa ulioleta njaa kubwa katika nchi ya Ireland kuanzia mwaka 1845. Kituo cha utafiti cha Kalengyere, juu ya milima ya Rubanda, hushughulika na mbegu bora zinazoweza kuyastahimili maradhi.

Baada ya taabu yote hiyo, malori huteremka yamejaa magunia, na katika miji viazi vingi huishia katika karai la mafuta. Chipsi ni tamu, hatukatai. Lakini zinameza mafuta mengi, na mafuta ni fedha. Tena kiazi humenywa kwa kisu kizito hata sehemu yake njema hutupwa pamoja na ganda. Mama mwenye kuhesabu mshahara wa askari hadi mwisho wa mwezi hana sababu ya kutupa chakula alichokwisha kukilipia.

Iko njia nyepesi ya kukigeuza kiazi kuwa mlo kamili: kukioka pamoja na ganda lake na kukijaza maharagwe. Yafaa sana kwa jioni ya siku ya kazi, kwa sababu kazi kubwa hufanywa jana yake.

MAHITAJI (watu 6)

Viazi 12 vya kadiri, yaani karibu kilo 2, maharagwe yaliyokwisha kuiva, vikombe 3, vitunguu 2, nyanya 3, robo ya kabichi au fungu la mchicha, maziwa nusu kikombe, siagi au samli vijiko 2, mafuta ya kupikia kijiko 1, chumvi kiasi.

NAMNA YA KUPIKA

1. Usiku uliotangulia, unapochemsha maharagwe, osha viazi kwa brashi mpaka udongo wote utoke. Vichemshe na maganda yake kwa dakika 20, vipoe, kisha viweke mahali pa baridi.

2. Jioni ya pili, kata kila kiazi katikati kwa urefu wake. Chota nyama ya ndani kwa kijiko, ukiacha ukuta wa unene wa nusu kidole ili ganda lisipasuke.

3. Kaanga vitunguu katika mafuta, tia nyanya, kisha kabichi iliyokatwa nyembamba, mwisho maharagwe. Mchuzi ukauke, kwa maana kujaza maji ndani ya kiazi ni kukiharibu.

4. Ponda ile nyama ya kiazi pamoja na maziwa, siagi na chumvi. Changanya na maharagwe, kisha jaza maganda mpaka yatune.

5. Mwenye tanuri aoke kwa moto wa digrii 200 kwa dakika 20. Asiye nalo asihuzunike. Atandike mchanga mkavu katika sufuria kubwa, aiweke juu ya sigiri, apange viazi katika sahani ya bati juu ya mchanga, afunike kwa mfuniko wa chuma, na juu ya mfuniko atie makaa ya moto. Muda ni karibu ule ule. Viazi vikiwa vyekundu juu, vimekwiva.

Badala ya maharagwe waweza kutumia mukene waliotolewa vichwa, wakaoshwa mchanga na kukaangwa, au mayai yaliyochemshwa na kukatwakatwa. Kiazi kina vitamini C, na vitamini hiyo husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe. Kwa hiyo hawa wawili husaidiana, mbali na kushibisha. Baba aliye katika zamu ya usiku aweza kuwekewa sehemu yake.

TAHADHARI

Kiazi kilichopigwa na mwanga hugeuka rangi ya kijani na kuwa kichungu. Uchungu huo ni sumu, nayo haiondoki kwa kupikwa. Sehemu ndogo ya kijani na machipukizi yakatwe kwa kina. Kilichoenea kijani kitupwe, wala mtoto asipewe. Kwa kupika na maganda, chagua viazi vizima tu visivyo na dalili hiyo.

Unaponunua gunia, usiviache viazi ndani ya mfuko wa plastiki wala karibu na dirisha. Vitandaze juu ya mbao mahali penye giza, baridi na hewa. Usivioshe kabla ya siku ya kupika. Vikague kila juma na kuondoa kilichooza, kwani kimoja huwaambukiza wenzake.

Mkulima wa Kigezi amekwisha kukilinda kiazi hicho dhidi ya mvua, mteremko na maradhi. Kilichobaki ni sehemu yetu jikoni: kisiharibike, kisitupwe, na watoto walale wameshiba.