Sukari, Kitabu na Tabu

Neno kitoto likivuliwa ki- hubaki toto, na maana haijapotea. Neno kitabu likifanyiwa vivyo hivyo hubaki tabu. Kitabu kilitujia kutoka Kiarabu, na ki hiyo ilikuwa sehemu ya mwili wake kabla hatujaipa kazi ya ngeli na kusema vitabu.

Nililikumbuka jambo hili niliposoma habari za wanakemia wanaotafuta sukari kwa kompyuta. Mimea, kuvu na bakteria huunda molekuli nyingi ambazo kiini chake kimeshikizwa vipande vya sukari. Mtafiti anayetaka kulinganisha viini huiona sukari kuwa pambo linalomziba macho, naye huivua. Mwaka 2020 watafiti wa Ujerumani, wakiwemo Maria Sorokina na Christoph Steinbeck, walitangaza programu ya kuifanya kazi hiyo.

Kanuni yake ingempendeza mshairi wa mizani, kwa kuwa ni ya kuhesabu. Programu hutafuta pete ya atomi 5, 6 au 7, moja kati yake ikiwa oksijeni, isiyoungamana na pete nyingine. Kisha huhesabu oksijeni zilizoshikana na pete kwa nje. Kwa kipimo cha kawaida, zisipofikia nusu ya atomi za pete, hiyo haitambuliwi kuwa sukari.

Nikaichukua erithromaisini, dawa ya kupambana na bakteria, nikahesabu. Ina sukari mbili, kladinosi na desosamini, kila moja pete ya atomi 6. Kwa hiyo zatakiwa oksijeni 3 kwa nje. Kladinosi inazo 3. Desosamini inazo 2 tu, kwani mahali pamoja pamekaliwa na naitrojeni. Kwa hesabu hiyo, hupita bila kutambuliwa. Nayo ndiyo inayoishika ribosomu, kiwanda cha protini cha bakteria. Ikiondolewa, dawa huishiwa nguvu. Kladinosi, kwa upande wake, wanakemia waliiondoa wakapata jamii nyingine ya dawa, ketolaidi, ambazo bado zinafanya kazi.

Tangu Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, tumebishana kama vina na mizani ni uti wa mgongo wa shairi au ni sukari ya juu tu. Mimi hutunga kwa vina, na mara nyingi nimeambiwa nivivue ili shairi liseme. Sipingi kuvua. Ninalodai ni kwamba kukitambua kipande si kuijua kazi yake. Kina kimoja chaweza kuondoka na shairi likapona. Kingine ndicho kilichomshika msomaji.

Basi ajaye na mkasi asinionyeshe kwamba hiki ni kina, maana hilo naliona. Anionyeshe shairi lililobaki. Tulisome kwa sauti, tusikie kama bado linatibu.