Nepal: Hesabu siku kabla ya kuhesabu shilingi

Tangu Mei 2022, James Kagambi alipokuwa Mkenya wa kwanza kufika kileleni mwa Everest, naye akiwa na umri wa miaka 62, jina la Nepal limetajwa katika nyumba nyingi za mijini. Wanafunzi wa vyuo huulizana kama wanaweza kuchanga pesa waende. Wazazi nao huulizia nauli. Huenda hata wewe, msomaji, umeona picha ya milima hiyo myeupe kwenye kalenda ukajiuliza: je, mtu wa kawaida kutoka Umoja au Nyali aweza kufika huko?

Naam, aweza. Si lazima upande hadi kileleni. Kibali cha kupanda Everest peke yake, kwa njia ya kusini na katika msimu wa Machi hadi Mei, kilipandishwa hadi dola 15,000 za Marekani mnamo Septemba 2025, na hiyo ni kabla hujala wala kulala. Maelfu ya watu huenda Nepal kila mwaka wakatembea chini ya vilele, wakalala katika nyumba za wageni za vijijini na kurudi makwao wameridhika.

Shida ni jinsi wengi wetu tunavyopanga safari. Tunaanza na pesa: nauli ni kiasi gani, chumba ni kiasi gani. Zikipungua, tunakata siku. Safari ya siku kumi na nane inakuwa ya kumi. Ukienda Mombasa hivyo, hasara yako ni kukosa kuogelea siku mbili. Ukienda milima ya Himalaya hivyo, siku ulizozikata ndizo zilizokuwa zilinde uhai wako.

Nchi iliyosimama wima

Nepal imebanwa kati ya India na China. Eneo lake ni kilomita mraba 147,000 hivi, yaani robo ya Kenya, na watu wake ni kama milioni 29. Kusini kuna nyanda za joto zenye vifaru na chui milia. Kaskazini kuna milima minane kati ya kumi na minne duniani inayozidi mita 8,000. Everest, ambayo wenyeji huiita Sagarmatha, ina mita 8,848.86 kwa kipimo ambacho Nepal na China zilitangaza pamoja Desemba 2020.

Wakenya wengi hudhani kwamba mji mkuu, Kathmandu, uko juu mawinguni. La hasha. Kathmandu uko kwenye mita 1,400 hivi, chini kuliko Nairobi. Lakini linganisha na hili: kambi ya chini ya Everest, mahali ambapo wapandaji huanzia tu, iko mita 5,364. Batian, kilele kirefu kabisa cha Mlima Kenya, ni mita 5,199. Kwa hivyo anayesema "mimi nitaishia kambini tu" anasema atapita kimo cha Mlima Kenya wote.

Katika kimo hicho, kila pumzi unayovuta ina zaidi kidogo tu ya nusu ya oksijeni ambayo ungepata ufuoni Mombasa. Mwili waweza kuzoea, lakini hauzoei kwa kusukumwa. Ukipanda haraka utaumwa na kichwa, utakosa usingizi, chakula kitakuchukiza na utataka kutapika. Ukipuuza dalili hizo na kuendelea kupanda, maji yaweza kujaa mapafuni au ubongo ukavimba. Hapo mtu hufa kwa muda wa saa chache, awe kijana wa riadha au mzee wa kanisa. Kuzaliwa Nyahururu hakukukingi, wala kukimbia mbio ndefu. Mkimbiaji, kwa kweli, yumo hatarini zaidi kwa sababu miguu yake humfikisha juu kabla damu yake haijawa tayari.

Madaktari wa milimani wana kanuni nyepesi. Ukishapita mita 3,000, mahali unapolala usiku pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne ulale mahali pamoja siku mbili. Dalili zikianza, usipande zaidi. Zikizidi, shuka, hata kama ni usiku. Zipo dawa za kusaidia, na ni vyema umwone daktari hapa nyumbani kabla ya safari, lakini dawa haichukui nafasi ya kushuka.

Sasa piga hesabu ya njia ya Everest. Unatua Lukla, mita 2,860 hivi. Siku ya pili jioni uko Namche Bazaar, mita 3,440, na kwa kuwa umeruka mita nyingi kwa siku moja, lazima upumzike hapo siku nzima. Kisha Tengboche, 3,860. Kisha Dingboche, 4,410, ambapo unapumzika tena. Kisha Lobuche, halafu Gorak Shep, kijiji cha mwisho, na siku ya nane unafika kambini. Kushuka huchukua siku tatu au nne. Jumla ni siku kumi na mbili za kutembea.

Hujamaliza. Uwanja wa ndege wa Lukla una njia ya mita 527 tu, nayo imeinama. Upande mmoja ni mlima, upande wa pili ni bonde. Ukungu ukiingia, hakuna ndege inayoruka, pengine kwa siku mbili mfululizo. Weka siku mbili za akiba. Weka mbili za Kathmandu na mbili za kwenda na kurudi Nairobi. Hizo ni siku kumi na nane. Sheria ya kazi hapa Kenya humpa mwajiriwa angalau siku 21 za kazi za likizo kwa mwaka, kwa hivyo safari hii itakula zaidi ya nusu ya likizo yako. Kama mwajiri wako hakupi zaidi ya wiki mbili kwa mkupuo, usiende kambini. Kuna njia nyingine, nitaieleza.

Wenyeji wana neno la njiani ambalo utalisikia kila saa: "bistarai, bistarai". Maana yake ni pole pole.

Na usidhani kwamba uzoefu humfutia mtu hatari. Mei 2024, Cheruiyot Kirui, mfanyakazi wa benki na mpandaji aliyezoea milima, alifariki karibu na kilele cha Everest akijaribu kupanda bila oksijeni ya mtungi. Mwelekezi wake, Nawang Sherpa, pia hakurudi. Kirui alikuwa akifanya jambo gumu kupindukia, tofauti kabisa na safari ya miguu ya mtalii, na hakuna haki ya kumlaumu mtu kama huyo ukiwa umeketi sebuleni. Lakini familia mbili, moja Kenya na nyingine Nepal, zilibaki kuomboleza.

Wakati wa kwenda

Oktoba na Novemba ndiyo miezi bora. Mvua huwa imekwisha, anga imeoshwa na milima inaonekana vizuri. Machi hadi Mei pia hufaa. Juni hadi Septemba ni msimu wa mvua kubwa, njia huwa na ruba na barabara hukatwa na maporomoko ya ardhi. Kwa bahati mbaya, Agosti, mwezi ambao wanafunzi wetu wengi wako nyumbani, umo katikati ya mvua hizo.

Kuna pia sikukuu ya Dashain, kati ya Septemba na Oktoba. Hiyo ni Krismasi yao, kwa maana kwamba kila mtu wa mjini hurudi kwao mashambani. Mabasi hujaa kama yetu wiki ya mwisho ya Desemba na ofisi nyingi hufungwa. Wao hutumia kalenda yao, Bikram Sambat, iliyo mbele ya yetu kwa miaka 56 na miezi kadhaa, kwa hivyo usishtuke ukiona risiti yenye mwaka wa 2080 na kitu. Saa zao pia ni za ajabu: Nairobi ikiwa saa sita mchana, Kathmandu ni saa tisa kasorobo.

Karatasi na pesa

Mwenye pasipoti ya Kenya hupata viza anapofika uwanja wa ndege wa Kathmandu: dola 30 kwa siku kumi na tano, dola 50 kwa siku thelathini. Kwa hesabu niliyokupa hapo juu, chukua ya thelathini. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwani Nepal hukitaka kwa wasafiri watokao nchi zenye ugonjwa huo, na Kenya imo. Hakuna ndege ya moja kwa moja. Aghalabu utabadilisha ndege Doha, Dubai au Delhi. Ukipitia India, uliza mapema kama utahitaji viza ya kupita.

Katika ndege ya kutoka nchi za Ghuba huenda ukajikuta umeketi katikati ya vijana wa Kinepali wanaorudi nyumbani kutoka kazi za ujenzi na ulinzi. Fedha wanazotuma watu kama hao ni kama robo ya pato la nchi yao. Mkenya mwenye dada au binamu Saudia hatahitaji kuelezwa zaidi.

Kuingia mbuga ya Sagarmatha au eneo la Annapurna mgeni hulipa rupia 3,000 za Nepal. Tangu Aprili 2023, Bodi ya Utalii ya Nepal inamtaka mgeni wa safari ya miguu awe na mwelekezi mwenye leseni, ingawa upande wa Everest sharti hilo halifuatwi kwa ukali. Nashauri umchukue hata pasipolazimishwa. Yeye ndiye atakayeona umeanza kuyumba kabla wewe hujajua.

Jambo ambalo wengi husahau ni bima. Soma maandishi madogo: bima nyingi za safari hazilipi ukipita kimo fulani. Unahitaji inayotaja mita 6,000 na kuokolewa kwa helikopta. Hata hivyo uwe macho. Mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza utapeli wa helikopta, ambapo watalii wenye maumivu madogo walishinikizwa kupanda ndege ili bima idaiwe pesa nyingi.

Kuhusu wapagazi, utawaona wamebeba mizigo mgongoni kwa ukanda unaopita kichwani, vile vile akina nyanya wa Murang'a wanavyobeba kuni. Hata kreti za soda na mitungi ya gesi hupanda hivyo, au kwa migongo ya wanyama, na ndiyo maana chai huzidi kuwa ghali kadiri unavyopanda. Usibishane na mama wa nyumba ya wageni juu ya bei. Kabla ya kumkodi mpagazi, hakikisha ana viatu na koti la kutosha, baridi haimbagui.

Kwa familia

Mwenye watoto wadogo asiwapeleke kambini. Mtoto wa miaka minne hajui kukuambia kwamba kichwa chake kinauma kwa sababu ya kimo. Mpeleke Pokhara, mji ulio kando ya ziwa Phewa, kama mita 800 tu juu ya bahari. Kutoka hapo utaona Machhapuchhre, mlima mtakatifu wa mita 6,993 usioruhusiwa kupandwa, umesimama mbele yako kama mkia wa samaki. Wenye miguu mizuri waweza kutembea siku nne au tano hadi Poon Hill, mita 3,210, wakaona jua likichomoza juu ya Annapurna. Safari hiyo yatosha katika likizo ya wiki mbili, na kwa maoni yangu ndiyo inayowafaa Wakenya wengi. Mbuga ya Chitwan nayo ina vifaru wa pembe moja. Hesabu ya mwaka 2021 ilipata 694 humo.

Kathmandu yenyewe yataka siku mbili. Tetemeko la Aprili 2015 liliua watu karibu 9,000 na kubomoa mahekalu mengi, na mengi yamejengwa upya. Pashupatinath, ambapo Wahindu huchoma maiti kando ya mto Bagmati, utaona kwa ng'ambo, kwani hekalu kuu ni la Wahindu pekee. Usiwapige picha wafiwa. Boudhanath, zunguka kwa mkono wa saa pamoja na waumini wa Budha.

Utakula wali na mchuzi wa kamande, dal bhat, na utaongezwa bila kulipa zaidi. Momo ni kama sambusa iliyopikwa kwa mvuke. Nyama ya ng'ombe usiulizie, kwani kuchinja ng'ombe ni hatia. Kula kwa mkono wa kulia, na usimpe mtu chakula ulichokwisha kukionja. Mwanamke aliyekuzidi umri mwite "didi", mwanamume "dai"; utajibiwa kwa tabasamu.

Fuatilia habari kabla ya kulipia tiketi. Septemba 2025 vijana wa Nepal waliandamana, Bunge likachomwa na waziri mkuu akajiuzulu. Msomaji anayekumbuka Juni 25, 2024 hapa Nairobi ataelewa jinsi mji unavyoweza kubadilika kwa siku moja.

Makoti mazito na mifuko ya kulalia usinunue hapa kwa bei ya kukutoa jasho. Mtaa wa Thamel, Kathmandu, una maduka yanayokodisha. Ni viatu tu usivyopaswa kungoja kununua huko. Vinunue miezi mitatu kabla, uvivae Karura, kisha milima ya Ngong, kisha Longonot, na ikiwezekana ufike Point Lenana navyo. Kama vitakuchubua, afadhali iwe Longonot, ambako saa mbili baadaye utakuwa kwenye matatu ya kurudi nyumbani.