Kisanduku Chini ya Zulia

Waya wa kwanza wa kompyuta ya gari niliukata mwezi wa nne mwaka 2011, hapa Mpuguso, masika yakiwa yamekolea. Mvua ya Rungwe ikianza asubuhi, jioni inaweza kukukuta bado inanyesha. Gereji yetu ilikuwa mabati machache juu ya nguzo za mikaratusi, kando ya njia ya kwenda chuo cha ualimu. Nilikuwa nimelala chali ndani ya Subaru Forester, kichwa chini ya dashibodi upande wa abiria, miguu ikilowa nje. Mkono mmoja ulishika plaizi, mwingine ulishika waya mwembamba unaotoka kwenye sensa ya hewa. Mwenye gari, mfanyabiashara wa ndizi, alisimama na mwavuli wake akasema, "Fundi, usije ukaniulia gari."

"Mzee, ondoa shaka," nikamjibu. Nikakata.

Nataka kueleza nilivyofika pale, kwa sababu ufundi niliofundishwa haukuwa wa kukata waya.

Mjomba wangu ndiye aliyenitoa ujinga. Alijifunza kwenye Land Rover 109 na pikapu za Peugeot 504 zilizokuwa zikibeba ndizi na majani ya chai, na mafuta aliyapanga kwa bisibisi. Aliacha injini iungurume mpaka ipate moto, akainama juu ya kabureta, akafumba macho na kuzungusha skrubu robo kwa robo. Injini ikichangamka anaongeza kidogo, ikianza kusuasua anarudisha. Halafu tunakwenda na gari hadi Kiwira na kurudi, na kabla halijapoa anafungua plagi na kunipa nishike kwa kitambaa. Plagi nyeusi yenye masizi, mafuta yamezidi. Nyeupe kama chokaa, mafuta hayatoshi na injini inaungua kimyakimya. Rangi ya ganda la karanga ndiyo aliyoitaka. Sikuwahi kumwona akimkabidhi mtu gari bila kuitazama plagi kwanza.

Mwanzoni mwa 2006 petroli yenye risasi ilikuwa imeondolewa karibu nchi zote za Afrika kusini mwa Sahara. Kwa afya za watoto wetu lile lilikuwa jambo jema kabisa, na mjomba alilikubali. Lakini alilalamika kwamba plagi zimepunguza kusema, kwani rangi ilikuwa hafifu na mtu ilimbidi akodoe macho. Hata hivyo aliendelea kuzifungua.

Wakati huo magari ya mtumba kutoka Japani yalikuwa yamekwisha kujaa barabara ya Uyole hadi Kasumulu. Corolla, Mark II, Noah, yote ya nozo na kompyuta. Nakumbuka mjomba akiizunguka Corolla moja na bisibisi yake mkononi, akitafuta pa kukaza. Hapakuwepo. Kiasi cha mafuta sasa kilikuwa kinaamuliwa ndani ya kisanduku cha bati, ambacho sisi mafundi tunakiita kontroli boksi, na kisanduku hicho hakisikilizi bisibisi. Mjomba akabaki na breki, klachi na springi, kazi ambazo hakuna aliyemzidi Tukuyu nzima. Mimi nikachukua nyaya.

Kisha zikaja Subaru za turbo. Vijana wa Mbeya walikuwa wakizipenda tangu Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, na walioweza nauli walikwenda Iringa kutazama Mkwawa Rally. Kwetu, hata hivyo, sababu ilikuwa milima. Tukuyu iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,500, na huko juu gari la kawaida linapumua kwa shida kwa kuwa hewa ni nyepesi. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa eksozi, nayo inaisukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Kwa hiyo Forester ya lita 2 ikawa inapanda kutoka Kyela na mzigo wake huku ikiyaacha nyuma magari makubwa kuliko yenyewe.

Tatizo lilikuwa mafuta. Gari la yule mzee lilikuwa Forester ya toleo la SF5, na fundi aliyetangulia alikuwa ameling'oa masega ya kusafisha moshi kwenye eksozi. Moshi ukapata njia pana, turbo ikasukuma zaidi, injini ikaanza kunywa petroli na kutoa moshi mweusi mlimani. Mzee akasikia kwamba kuna kifaa cha kupunguza mafuta. Akakinunua Dar es Salaam, Gerezani, kimetumika, kikiwa na kijitabu cha Kijapani ambacho hakuna aliyeweza kukisoma. Kilikuwa Apexi S-AFC, kisanduku kidogo chenye kioo kinachong'aa maandishi ya buluu. Bahati nzuri mchoro hausomwi kwa lugha.

Kazi yake ni kuidanganya kompyuta, na neno hilo nalitumia nikijua uzito wake. Baada ya boksi la chujio cha hewa pana sensa yenye uzi mwembamba uliopashwa moto. Hewa ikipita inaupoza ule uzi, umeme unaongezwa ili ubaki na joto lake, na kutokana na umeme huo kompyuta inajua hewa kiasi gani imeingia. Inapokea habari hiyo kwa volti: chache gari likiwa silensa, karibu 5 ukikanyaga mpaka mwisho. Unakata waya huo, unakipachika kisanduku katikati, nacho kinapokea volti za kweli na kupeleka volti ulizoamua wewe. Ukipunguza asilimia 5, kompyuta inaamini hewa imepungua asilimia 5, nayo inapunguza mafuta.

Kompyuta ya Forester imelala chini ya zulia, pale abiria wa mbele anapoweka miguu, nyuma ya bamba la chuma. Kwa Japani huenda ni mahali pazuri. Kwa Rungwe, ambako abiria anaingia na viatu vyenye matope miezi mingi ya mwaka, ni mahali pabaya sana. Nilipolinyanyua zulia lilikuwa zito kwa maji, na pini mbili za soketi zilikuwa na kutu ya kijani. Nilizisafisha kwa mswaki na petroli kwa saa nzima kabla ya kugusa kitu kingine.

Nyaya za kisanduku hazikuwa nyingi. Mwekundu wa umeme wa swichi, wa kijani wa mzunguko wa injini, wa kijivu wa kusoma unavyokanyaga mafuta, mweupe wa kupokea kutoka kwenye sensa, wa njano wa kupeleka kwenye kompyuta. Zilibaki mbili, mweusi na wa kahawia, zote za ethi. Nikawaza, ethi ni ethi. Nikazifunga pamoja kwenye boliti ya bodi na kuwasha. Namba kwenye kioo zikacheza kama ulimi wa mwenye homa, gari likasimama silensa huku likitetemeka, nami nikatoka jasho kwenye baridi ile.

Nilirudia mchoro mara kumi ndipo nikaona. Zote mbili zilitakiwa kuungwa kwenye waya wa ethi wa kompyuta yenyewe, wa kahawia ukiwa karibu zaidi na kompyuta na mweusi nyuma yake, kwa nafasi isiyopungua sentimita moja. Mweusi unabeba umeme wa kuendesha kisanduku, wa kahawia ni wa kipimo. Ukizichanganya, umeme wa mmoja unayumbisha kipimo cha mwingine. Sentimita moja tu! Umeme wa TANESCO ulikuwa umekatika, kwa hiyo nilipasha chuma cha kulehemu kwenye jiko la mkaa, nikaunga kila waya kwa risasi na kuzungushia tepu. Nilipowasha tena, namba zilitulia kabisa. Mjomba alisogea akakitazama kile kioo cha buluu kwa muda, hakusema neno.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa ni langu peke yangu. Nililiendesha gari kuelekea Katumba asubuhi yenye ukungu, nikipunguza asilimia 3, kisha 5, kisha 8 kwenye mizunguko ya juu. Moshi mweusi ukaisha. Gari likawa jepesi, linaruka ukiligusa. Mzee alifurahi, akalipa, akaniambia "Ndaga fijo" mara mbili. Wiki hiyohiyo akashuka Kyela.

Kyela iko kwenye mwinuko wa kama mita 500, ni joto, na mgandamizo wa hewa pale unazidi wa Tukuyu kwa zaidi ya moja ya kumi. Alirudi akiwa amejaza mchele, akipanda kwa turbo kwa kitambo kirefu jua likiwaka. Alisema alisikia mlio kama kokoto ndani ya debe, akadhani ni mawe ya barabarani. Kabla ya kufika Ushirika gari likaanza kutoa moshi wa buluu na kupoteza nguvu.

Nilipoifungua injini, pistoni ya silinda ya nne ilikuwa imemeguka kwenye ukingo unaoshika ringi. Kipande kile kilitosha kwenye ncha ya kidole changu. Ndipo nilipojifunza ambacho kijitabu pengine kilikisema kwa Kijapani: kompyuta inayoamini hewa ni kidogo haiishii kupunguza mafuta. Inawahisha na cheche pia. Nilikuwa nimeinyima injini mafuta na papo hapo nikaiwahishia moto, na gari hilo liliundwa Japani kwa petroli ya oktani 100, ambayo hakuna kituo cha kwetu kinachoiuza. Kwenye ukungu wa Katumba injini ilivumilia. Kwenye joto la mlima wa kutoka Kyela ikagonga mpaka ikavunjika.

Mjomba alikichukua kile kipande, akakigeuza kwenye mwanga, akaniuliza jambo moja tu.

"Mjomba, plagi uliziangalia?"

Sikuwa nimeziangalia. Kioo kilikuwa kinang'aa namba, nami nikaona yatosha. Tulizitoa zile plagi nne tukazipanga juu ya gunia. Zote zilikuwa nyeupe kama chokaa.

Nilimtengenezea mzee injini yake kwa gharama yangu, na ilinichukua miezi saba kulimaliza deni la vipuri. Mwaka 2014 nilinunua kipimo cha hewa na mafuta kinachofungwa kwenye eksozi. Hicho kinakuambia papo hapo: 14.7 gari likitembea polepole, na turbo inaposukuma unataka kuona 11 na ushei, si 13. Baadaye nikapata kompyuta ndogo ya mkononi na waya wa Tactrix, na kwa Forester nyingi za SG5 sasa sikati kitu. Naingia kwenye kompyuta ya gari na kuandika upya jedwali la mafuta na jedwali la cheche, kila moja mahali pake. Hakuna uongo katikati. Vijana wanaojifunza kwangu wanaona kazi hiyo ni ya kawaida, nami nafurahi kwamba hawatapita nilikopita. Lakini plagi wanazifungua. Hilo sijalibadilisha.

Wewe mwenye gari la turbo unayeishi milimani na kufanya biashara bondeni, nakuomba mambo mawili. Mtu akikufungia kifaa chochote cha mafuta, mwambie akuandikie kila waya aliokata, rangi yake na mahali ulipo, kwa sababu fundi atakayekuja baada yake atalala chini ya dashibodi hiyohiyo. Na usikubali apunguze mafuta bila kipimo kwenye eksozi, hata kama moshi umeisha na gari linaruka.

Kisanduku cha Apexi nilikitoa, nyaya nikaziunga zilivyokuwa, na mchoro wake umo kwenye daftari langu hadi leo. Ile Forester iko Isongole, inabeba viazi.